Kabla ya Mchoro: Namna ya Kupanga Bustani ya Ufukweni Pamoja na Watu Wake

Ukiitwa kwenye kikao cha kupanga bustani mpya ya ufukweni, kuna uwezekano mkubwa utakuta mchoro umekwisha kubandikwa ukutani: nyasi za kijani, vijia vilivyopinda, watoto wameshika maputo. Utapendeza, na utaombwa maoni kuhusu rangi ya viti. Achana na viti kwanza. Uliza ni nani huwa ufukweni hapo saa kumi na moja alfajiri, na ni wapi ndani ya mchoro mtu huyo ameachiwa nafasi. Jibu likikosekana, kazi ya kupanga bado haijaanza, hata kama bajeti imekwisha kupitishwa.

Mwongozo huu ni wa kiongozi wa mtaa, mwanachama wa ushirika, mwalimu, kijana aliyesomea usanifu, na yeyote anayetaka kuingia katika kikao cha namna hiyo akiwa na la kusema. Mfano wangu ni Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, pale Ziwa Kivu linapofika ncha yake ya kaskazini na mji wa Goma unapoanza hatua chache tu ng'ambo ya mpaka. Rubavu ni mmojawapo wa miji sita ambayo serikali ya Rwanda imeichagua ikue ili kupunguza mzigo wa Kigali, na mji unaokua kando ya ziwa lazima uamue mapema ufukwe wake ni wa nani.

Nitaitaja sana Bugeshi pia. Bugeshi ni umurenge, yaani kata, wa juu kaskazini mwa wilaya hiyohiyo, kwenye miteremko ya volkano, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, unaopakana na Kongo kupitia Kabuhanga. Hauna hata hatua moja ya ufukwe. Hata hivyo naamini kamati ya kupanga bustani ya Gisenyi isiyo na mtu wa Bugeshi imekosa kiungo, na sababu zake nitazieleza.

Andika saa, kisha andika watu

Chukua daftari la kawaida. Upande wa kushoto andika saa za siku nzima, kuanzia alfajiri mpaka usiku wa manane. Kisha nendeni ufukweni wawili wawili, kwa zamu, siku ya kazi, siku ya Jumapili, na siku ya mvua. Andika kila mtu mnayemwona, anafanya nini, anakaa wapi, mzigo wake anauweka wapi, na akibanwa na haja anaelekea wapi.

Gisenyi daftari hilo litajaa haraka. Kabla jua halijatoka, mitumbwi ya wavuvi wa sambaza inarudi, mitatu mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu inayobeba nyavu, na wapiga kasia wanaimba. Samaki huyu mdogo aliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye chakula cha nyumba nyingi pande zote mbili za mpaka. Wanawake wanaomsubiri nchi kavu wanahitaji mahali pa kumwagia, kuchambua na kupima. Wavuvi wanahitaji pa kufunga mitumbwi na pa kutandaza nyavu zikauke. Mtu aliyefika ufukweni saa nne asubuhi na kamera yake hataona hata mmoja kati yao, atarudi ofisini akisema ufukwe uko wazi.

Baadaye wanapita wafanyabiashara wadogo wanaoelekea Petite Barrière, mpaka ambao katika nyakati za amani huvukwa na makumi ya maelfu ya watu kwa siku, wengi wao wanawake wenye nyanya, maziwa, nyama na vitunguu. Mchana wanakuja wanafunzi. Jioni wanakuja wakimbiaji, wachumba, wapiga picha wa kukodi. Mwisho wa juma maharusi hushuka na wasimamizi wao kupiga picha kwenye mchanga, huku watoto wa mitaa kama Mbugangari wakioga majini. Ukienda kusini, kuelekea Rubona na Nyamyumba, unakuta shughuli nyingine kabisa: boti za mizigo, kiwanda cha bia, na chemchemi za maji moto ambako wazee wenye maumivu ya viungo hutumbukiza miguu.

Usiwahesabu tu, zungumza nao. Na usiwaulize wanataka bustani ya namna gani, kwa kuwa swali hilo humfanya mtu ajibu kile anachodhani unataka kusikia. Uliza vitu vya mkononi. "Mama, mvua ikinyesha ghafla unakimbilia wapi?" "Mzee, maji ya ziwa yalipopanda zaidi ya kawaida, yalifika wapi?" "Kijana, hapa pakizungushiwa uzio, wewe utapita wapi?" Majibu ya maswali kama hayo yanaweza kuchorwa.

Jibu moja la wavuvi linastahili kusikilizwa peke yake. Sambaza huvuliwa usiku kwa taa: mwanga huwavuta karibu na wavu. Mwezi ukiwa mpevu, mvuto wa taa hupungua na mavuno hupungua. Sasa fikiria bustani yenye safu ya nguzo za taa kali zinazomulika ziwani mpaka alfajiri. Msanifu anaona usalama na uzuri, mvuvi anaona mwezi mpevu wa kudumu. Suluhisho ni jepesi na halina gharama kubwa: taa fupi, zenye kofia, zinazotazama chini kwenye njia. Lakini halitapatikana kama wavuvi wataitwa siku ya kukata utepe. Kumbuka pia kwamba kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa muda ili samaki wazaane. Mkihesabu watu katika msimu huo peke yake, wavuvi watatoweka katika takwimu zenu.

Beba kamba ya mita 50

Kwa miaka mingi kanuni ya Rwanda imekuwa kwamba mita 50 kutoka ukingo wa ziwa ni eneo la kulindwa, si la kujengwa wala kulimwa hovyo. Usikariri tu namba hiyo. Nunua kamba, ipime, ifunge fundo penye mita 50, kisha nendeni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mkaivute kutoka majini kuelekea nchi kavu mahali kadhaa. Watu wakiona kwa macho yao kamba inafika wapi, mazungumzo hubadilika. Kuna mahali itaishia kwenye nyasi, na kuna mahali itapita kwenye ukuta wa mtu. Andikeni yote bila kumnyooshea mtu kidole. Ramani hiyo mtaihitaji baadaye, msanifu atakapotaka kusogeza mgahawa karibu zaidi na maji.

Kama mradi utachukua ardhi ya watu, sheria ya mwaka 2015 ya utwaaji wa ardhi kwa manufaa ya umma inataka fidia ilipwe ndani ya siku 120 tangu iidhinishwe. Fidia hiyo inamtazama mwenye ardhi na mali iliyo juu yake. Mama anayeuza mahindi ya kuchoma kwenye mchanga hana ardhi wala nyumba hapo, na karatasi za fidia hazitamtaja. Daftari lenu la saa ndilo litakalothibitisha kwamba alikuwepo na kwamba alikuwa anaishi kwa kazi hiyo. Hakikisheni linaingia katika ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, likiwa na mhuri, na msiliache likawa maneno ya mdomoni.

Ardhi yenyewe ina maoni

Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua kubwa iliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, wengi wao katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Mto Sebeya ulifurika na kubeba nyumba, ng'ombe na udongo mwekundu mpaka ziwani. Mto huo unaanzia milima ya Rutsiro na kuingia Kivu kusini mwa mji. Yeyote anayepanga kitu kando ya maji Gisenyi anapanga pia kwa ajili ya Sebeya, atake asitake.

Kwa hiyo itakeni bustani inayoweza kulowa. Nyasi na miti inayovumilia maji iwe chini, vibanda na vyoo viwe juu. Mitaro iwe wazi, ionekane na isafishike kwa jembe. Mitaro iliyofunikwa hujaa mchanga wa volkano na hakuna anayejua mpaka siku imefurika. Kingo za mito katika bonde la Sebeya zimepandwa mianzi na miti ya kushika udongo, na wananchi walioifanya kazi hiyo wanajua ni mmea gani ulisimama na upi ulikwenda na maji. Waiteni hao kabla ya kuagiza maua kutoka vitaluni. Miti ya kienyeji kama umuvumu na umusave hutoa kivuli na ndege huipenda. Mkaratusi unakua haraka, lakini chini yake hakuoti kitu cha kukalia.

Kisha kuna volkano. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku zilizofuata matetemeko yalipasua kuta na barabara za Gisenyi, huku maelfu ya watu wa Goma wakivuka mpaka kutafuta usalama, kama walivyofanya Januari 2002. Mji wa namna hii ukiwa na uwanja mpana wa umma, watu watakimbilia hapo, iwe imeandikwa kwenye mchoro au haikuandikwa. Basi iandikwe: mabomba ya maji ya kutosha, vyoo vingi kuliko vinavyohitajika Jumapili ya kawaida, njia pana ya gari la wagonjwa, na mahali palipo mbali na kuta ndefu.

Jambo jingine halisemwi katika vitabu vya usanifu vya Ulaya. Upande wa Goma, hasa kuelekea Sake, kuna mabonde madogo yanayokusanya hewa ya ukaa inayotoka ardhini. Watu huyaita mazuku. Hewa hiyo haionekani wala haisikiki kwa pua, na kwa kuwa ni nzito hulala chini, ndiyo maana huua mbuzi na mtoto kabla ya mtu mzima aliyesimama. Ikiwa mchoro wenu una uwanja wa michezo uliochimbwa chini ya usawa wa ardhi, katika ukanda huu wa volkano dai vipimo vya hewa kwanza, tena vichukuliwe alfajiri, wakati upepo umelala. Wazee wa mahali hujua mashimo ambayo mifugo haipelekwi. Muulizeni mzee kabla ya kuleta mashine, kisha leteni mashine.

Bugeshi ina haja gani na ufukwe?

Swali hili utaulizwa, na utaulizwa na pande zote mbili. Mtu wa mjini atasema hawa wako mbali. Mtu wa Bugeshi atauliza kwa nini fedha za wilaya zijenge viti kando ya ziwa wakati mama yake huko juu anatafuta maji, kwa sababu mawe ya volkano hunywa mvua yote na visima ni vya shida. Hilo ni swali halali, nalo lijibiwe kwa hesabu, hadharani. Kama halina jibu, mradi upunguzwe.

Nionavyo mimi, Bugeshi ina haki ya ufukwe kwa sababu tatu zinazofungamana. Viazi mviringo na mboga zinazolisha Gisenyi na kuvuka kwenda Goma zinalimwa kwenye udongo wake mweusi, kwa hiyo mkulima wake na mchuuzi wake wanashuka mjini na mizigo, na mjini hawana pa kuitua. Watoto wa shule za Hehu au Kabumba ni watoto wa wilaya hiihii, na wengine wanaweza kumaliza shule bila kugusa maji ya ziwa ambalo liko kwenye kila picha ya utalii ya wilaya yao. Na ufukwe ukishageuka kuwa wa wageni wenye fedha, watakaofukuzwa kwanza ni wale wanaotembelea mara moja kwa mwaka, wasiojua mlango uko wapi.

Basi fanyeni kikao kimoja kamili hukohuko Bugeshi, siku ya soko, watu wanapokuwa tayari wamekusanyika. Kutuma barua ya mwaliko wa kushuka mjini kwa nauli ya mtu mwenyewe ni kumfungia mlango kwa adabu. Pelekeni mchoro wa rasimu, pelekeni picha, na ulizeni: ukishuka na mzigo, ungependa kukuta nini? Hapo ndipo yatatajwa mambo kama jukwaa la kutulia mzigo lenye urefu wa kiuno, bomba la maji ya kunywa, choo ambacho mtu aliyevaa kitenge na kubeba mtoto anaweza kuingia, na kituo cha gari la kurudia jioni. Hayo yote ni nafuu kuliko chemchemi ya mapambo, na yatatumika kila siku.

Kamati ya kudumu iwe na wajumbe wawili wa kata za juu, mmoja mwanamke, na nauli yao iwe mstari ndani ya bajeti ya mradi. Mjumbe anayejilipia nauli atakuja mara mbili, kisha ataacha.

Kuendesha kikao kisichokuwa cha kupiga makofi

Rwanda ina mikutano ya wananchi ya kila wiki, inteko y'abaturage, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini mbele ya viongozi wote, mtu mdogo husema mambo madogo. Wagaweni watu: wavuvi peke yao, wanawake wauzaji peke yao, vijana peke yao, wenye ulemavu pamoja na wale wanaowasindikiza. Lugha ya kikao iwe Kinyarwanda, na Kiswahili kiwepo, kwa kuwa ni lugha rasmi ya nchi tangu mwaka 2017, na kwa wengi wanaoishi kwa biashara ya mpakani ndiyo lugha ya kazi.

Leteni michoro mitatu yenye bei zake, hata kama ni ya kalamu ya risasi. Mpe kila mtu punje kumi za maharage na umwambie azigawe kwenye vitu vilivyochorwa: choo, kivuli, taa, gati la mitumbwi, uwanja wa watoto, maegesho. Mtu akishatoa punje zake sita kwa choo, kila mmoja anaona alichokitaka na alichokikosa, na mabishano yanahamia kwenye vitu. Watoto wasiachwe nje. Wape mchanga, mawe na vijiti wajenge bustani yao chini, kisha pigeni picha.

Kabla watu hawajatawanyika, someni kwa sauti yaliyoandikwa. Kikao kinachofuata kianze na orodha ya yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa, na sababu ya kila kilichokataliwa. Watu wa Gisenyi wataweza kuvumilia kusikia hapana yenye sababu, kimya ndicho kitakachowafanya wasirudi.

Na mjaribu kabla ya kujenga. Kigali ilianza siku zisizo na magari mwaka 2016, na desturi hiyo imesambaa katika miji mingine. Tumieni asubuhi kama hiyo kufunga kipande cha barabara ya ufukweni, wekeni viti vya mianzi, vivuli vya turubai na vyoo vya kukodi, kisha mtazame watu wanakaa wapi. Viti vitahamishwa na watu wenyewe. Pale vitakapohamia ndipo pa kujengea vya kudumu.

Wauzaji na fedha za matunzo

Bustani ya Forodhani, Unguja, ni somo zuri. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulipoikarabati bustani ile, kazi ikaanza mwaka 2008 na kufunguliwa upya Julai 2009, ukuta wa bahari ulitengenezwa, taa na mifereji ikawekwa, na wauza vyakula wa usiku wakapangiwa sehemu yao ndani ya bustani. Jioni watu bado wanakwenda kwa ajili ya pweza na juisi ya miwa. Mngewatoa wauzaji pale, mngebaki na majani na mwanga. Kwa Gisenyi maana yake ni kwamba sambaza wa kukaanga awe na kibanda chenye maji na mtaro wa mafuta machafu, na kodi ya kibanda ipangwe na wauzaji waliokuwepo kabla ya mradi, nao wapewe nafasi ya kwanza.

Kuhusu kiingilio, msimamo wangu ni wazi: ufukwe wa ziwa usiwe na tiketi. Nyandungu ya Kigali, iliyofunguliwa Julai 2022 kwenye zaidi ya hekta 120 za ardhioevu iliyofufuliwa, ni kazi ya kupigiwa mfano, na kuingia kwake ni kwa kulipia. Pengine ardhioevu dhaifu inahitaji mlango. Ufukwe ambao watu wamekuwa wakioga na kufulia tangu mababu hauhitaji.

Fedha ya matunzo itafutwe kwingine. Kibera, Nairobi, kandokando ya mto Ngong, shirika la Kounkuey Design Initiative limekuwa likijenga maeneo ya umma pamoja na wakazi tangu mwaka 2006, na vikundi vya wakazi hutunza maeneo hayo kwa mapato ya vyoo, maji, ukumbi wa kukodi na biashara ndogo. Gisenyi ina vyanzo vyake: kodi ya vibanda, maegesho ya wageni, ada ya picha za harusi kwa wapiga picha wenye leseni, mchango wa hoteli zinazouza mandhari ya ziwa. Umuganda utafagia, hautabadilisha balbu wala kunyonya choo. Ulizeni mapema, kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, nani atalipa umeme mwaka wa tatu, na jibu liandikwe kwa jina la ofisi na kiasi.

Mwisho, jambo la mkataba. Ombeni sehemu ya malipo ya mkandarasi izuiliwe mpaka mvua za Machi hadi Mei zipite juu ya bustani. Baada ya hapo kamati nzima, pamoja na wajumbe wa Bugeshi, itembee na mhandisi mtaro kwa mtaro, ifungue kila bomba na kila choo, ndipo isaini.